Simu Yenye Redio

Shabab, Nakuru
12 Mei 2025

Binti yangu Immaculate,

Barua hii nampa Mugure, jirani yetu aliyestaafu uuguzi, amkabidhi dereva wa matatu ya Gilgil. Juu ya bahasha nimeandika jina la duka la sare unaposhona, kwa maana namba yako haipatikani tangu mwaka jana. Nilikutumia meseji nyingi kabla Mugure hajaniambia kwamba laini ile uliitupa.

Sina sauti tena. Kile kilichokuwa kikinikwama kooni nikila ugali ni saratani. Mwezi wa tatu walinitoboa tumbo wakaniwekea mrija, na uji huingizwa humo kama mafuta ya gari. Daktari alisema miezi. Mugure, ambaye hana adabu ya madaktari, amesema wiki sita, zikizidi nane.

Nilifundisha miaka thelathini na minane. Sasa nikitaka maji nagonga ukuta kwa kijiko. Mugure anaingia na kuanza kukisia: "Ni baridi, mzee? Ni choo? Unataka nifungue dirisha?" Namwonyesha kwa mikono, haelewi, naye ananikasirikia kana kwamba mimi ndiye mjinga. Ndipo nilipokukumbuka wewe mezani, ukiwa na miaka minane, ukituonyesha jambo kwa mikono na mimi nikiipiga mikono hiyo kwa rula ili ujifunze kutumia mdomo.

Lakini nilichotaka kukuambia ni kuhusu simu.

Februari 2019 ulinipa pesa ulizopata kwa kushona mapazia ya kanisa. Uliniomba nikununulie mimi, kwa sababu wauzaji wakijua mteja hasikii humwongezea bei. Ulinipa na kikaratasi: "Baba simu ya kuona uso nunua. Mimi na Okeyo mikono ongea." Nilimjua Okeyo. Ni yule kijana kiziwi mliyesoma naye, fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye alikuwa akija kukusalimu mpaka nilipomkataza.

Nilikwenda kwa Jerry, muuza simu. Alinipokea kwa kelele zake. "Mwalimu! Leo umechoka na hiyo simu yako ya mulika mwizi?"

Nikamwambia ni ya binti yangu.

"Yule haskii? Basi hiyo ni touch, hakuna mjadala." Akaweka simu mbili juu ya kioo. "Hii imetumika mwaka mmoja, lakini kamera ya mbele iko sawa na video inashika. Hiyo pesa uko nayo inatosha, na bando ya kuanzia nakuwekea. Hii ingine ni kabambe, ya mabatani. Betri wiki nzima, tochi, laini mbili, redio."

"Ipi inadumu?"

"Kudumu ni kabambe. Hata ikianguka kwa choo inatoka ikiita. Lakini mwalimu, kabambe kwa mtu haskii ni kama kununulia mtu hana miguu viatu."

"Nipe kabambe."

Alicheka akidhani namtania. Alipoona sicheki akaifunga. "Sawa, mwambie redio iko," akasema. "Labda ataskia na roho."

Nilikuandikia kwamba pesa ilitosha hiyo tu. Iliyobaki nilijinunulia viatu vya kanisani.

Nilijiambia kwamba nakukinga. Mama yako alikuwa na sukari, miguu yake ilikuwa imeanza kuoza, na bila wewe nisingejua hata chumvi inawekwa wapi. Lakini ukweli ni mwingine. Meseji ningeweza kuzisoma. Mikono yenu kwenye video nisingeweza kuisoma. Nilikuchagulia simu ambayo mimi ningeielewa.

Njoo, Immaculate. Sina muda wa kuandika vizuri zaidi ya hivi.

Baba yako,
Naftali Sitati


Gilgil
19 Mei 2025

Mwalimu Sitati,

Barua imefika. Usinitafutie namba. Kutoka kwako sitaki meseji, nataka karatasi. Karatasi ina mwandiko wa mtu, na haifutwi kwa kidole.

Unaniambia habari za simu ile kana kwamba haikuwa mikononi mwangu. Nililala nayo ndani ya blauzi ili nihisi ikitetema. Mama alinionyesha mahali redio ilipo, maskini, alidhani ni kitu kizuri. Niliiwasha nikaiweka kifuani, nikangoja. Haikutetema.

Sijui kama uliwahi kuwaza mimi na Okeyo tuliongeaje kwa kitu kile. Kwa mikono nilikuwa namtania, namkasirikia na kumsamehe kabla chai haijapoa. Aliiga watu wote wa Nakuru, wewe pia, jinsi unavyoshika mkanda ukiwa na hasira. Kwa mabatani tulikuwa watoto wa darasa la pili. Kiswahili hakikuwa lugha yangu. Nilikuwa naandika "Mimi fikiri wewe", naye anajibu "Mimi pia sana", kisha tunanyamaza kwa sababu maneno yamekwisha. Miezi sita, watu wazima wawili.

Ukiona sasa naandika sawasawa usijisifu. Nilikaa miaka minne nyumbani kwako bila mtu wa kuongea naye, nikasoma Biblia na magazeti yako ya zamani mpaka nikachoka nayo.

Umekiri dhambi ndogo, na hata hiyo umeivalisha viatu. Simu ulinunua Februari. Okeyo aliacha kuniandikia Agosti. Andika kuhusu Agosti.

Immaculate


Shabab, Nakuru
27 Mei 2025

Binti yangu,

Umekuwa mkali. Niliisoma barua yako mara tatu nikitafuta neno moja la kunipa pole. Sikulipata, nami sikudai.

Agosti. Kila asubuhi ulipokuwa bombani, simu yako ulikuwa ukiiacha kwenye chaji jikoni. Nilikuwa nasoma kila kitu. Jumatano moja nilikuta hii, nami nainakili kama ilivyokuwa, maana sijaisahau: "Kazi Olkaria mimi pata. Chumba moja pata. Jumamosi tarehe 17 stage Gilgil mimi ngoja, asubuhi mpaka jua isha. Wewe kuja, sisi oana. Wewe hapana kuja, mimi jua."

Mama yako alikuwa akikohoa chumbani. Nilifikiri: huyu akienda, ni nani atamgeuza mama yake kitandani? Nami je? Nikaanza kumjibu. Niliandika, "Samahani, sitakuja." Nikaiangalia. Ilikuwa safi mno, angejua si wewe. Nikaifuta.

Immaculate, hapa ndipo ninapoona aibu kuliko mahali pengine. Ulipokuwa shule ya bweni ulikuwa ukituandikia kila mwezi, nami nilikuwa nikizirudisha barua zako makosa yakiwa yamezungushiwa wino mwekundu, bila salamu. Kwa hiyo makosa yako niliyajua yote. Nilijua ni wapi ungeacha kiambishi, na wapi ungeweka "hapana" badala ya "si". Nikaandika: "Mimi hapana kuja. Mimi hapana taka mwanaume kiziwi. Watoto kuwa viziwi. Wewe sahau mimi." Niliisoma mara mbili kabla ya kuituma. Nimewafundisha insha watoto wa matajiri wa Milimani kwa miaka mingi, na mimi mwenyewe sikuwahi kuandika kitu chenye ufundi kama kile. Nilijivunia.

Kisha nikatoa laini yako, nikakuandikia kwamba imefungwa, nikakununulia nyingine. Majina nilikuandikia mimi upya kwenye simu. Namba ya Okeyo na za wenzenu wa shule nilizibadilisha tarakimu moja moja. Ndiyo maana uliandika na kuandika bila kujibiwa. Sijui ni nani aliyekuwa akizipokea.

Jumamosi ile ulipika maandazi ya akina mama wa kanisa. Nilikula manne.

Hiyo ndiyo yote. Sasa unajua nami nimetua mzigo. Mugure anasema ngozi yangu imeanza kuwa ya manjano. Njoo nikuone hata siku moja. Sitakuomba unishike mkono.

Baba yako,
Naftali Sitati


Gilgil
4 Juni 2025

Mwalimu Sitati,

"Hiyo ndiyo yote." Umeandika hivyo ukiwa na mrija tumboni.

Nitakuambia mimi. Mwaka jana mwezi wa saba nilikuwa natundika sare nje ya duka la Cate, mwenye cherehani ninazoshonea. Mwanamke akapita na mfuko wa viazi. Alikuwa Achola, tuliyelala naye kitanda kimoja cha ghorofa shuleni, yeye juu mimi chini. Aliniona, akaachilia mfuko. Viazi vilitawanyika mpaka barabarani na magari yakavikanyaga. Achola alikimbia.

Cate alishangaa. Aliniandikia kwenye kitabu cha vipimo: "Huyu mathe umemfanyia nini?" Sikujua.

Baada ya saa nzima Achola alirudi. Alinishika kidevu, akanigeuza uso huku na huku kama anayenunua mbuzi. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka hata nikashindwa kumsoma. Mwishowe akauliza, "Wewe ni wewe?" Nikamjibu, "Wewe ni mlevi?" Akaanza kulia. Kisha akatoa simu yake, touch, akanionyesha video.

Watu kumi na saba wako kwenye ukumbi wa kanisa, huko huko Nakuru. Ni Januari 2020. Mbele kuna mshumaa na picha yangu ya shule. Wote niliwajua. Mmoja mmoja anasimama na kuonyesha alivyonikumbuka mimi, marehemu. Okeyo alisimama mwisho. Mikono yake ilikuwa inaanza sentensi na kuiacha, inaanza nyingine na kuiacha. Halafu akaishusha tu.

Achola aliniambia video ile ilizunguka kote. Waliiona Kisumu, waliiona Mombasa. Kila kiziwi tuliyefahamiana aliyekuwa na simu ya kuonyesha picha alijua kwamba nimekufa. Mimi nilikuwa kilomita mbili kutoka ukumbi ule, jikoni kwako, na simu yenye tochi. Nilidhani marafiki zangu wote wamenichoka. Niliwaza ni tabia yangu, au ni umaskini wetu. Niliomba Mungu anionyeshe kosa langu.

Siku ile ndiyo niliyoitupa laini. Kwa hiyo nilipokuuliza Agosti, nilikuwa tayari najua Januari. Nilitaka kuona utaishia wapi.

Sasa sikiliza. Okeyo yuko Olkaria, ameoa. Achola hajamwambia kitu, mimi nilimwomba asimwambie. Sitaki mume wa mtu. Nataka ajue mambo mawili tu: kwamba sikufa, na kwamba sikumkataa. La kwanza ataliona kwa macho. La pili hataliamini, kwa sababu meseji ile ilitoka kwenye namba yangu na ilikuwa na makosa yangu. Ulifanya kazi nzuri, mwalimu. Hakuna mtu duniani anayeweza kuifuta isipokuwa wewe.

Mwandikie barua kwa mkono wako, utie sahihi, unitumie mimi niipeleke. Ukifa kabla ya kuiandika, mimi nitabaki mwanamke aliyemwambia kwamba hataki kiziwi. Hilo siwezi kulibeba.

Immaculate


Shabab, Nakuru
10 Juni 2025

Immaculate,

Alikuja Jumanne, tarehe kumi na nne Januari. Inaelekea hakuridhika na ile meseji. Aligonga lango kwa jiwe. Nilitoka na kalamu na daftari. Aliandika, "Immaculate iko? Yeye sema mwenyewe kwa uso, mimi enda."

Nilianza kuandika kwamba umeolewa. Nikasita. Mwanamke aliyeolewa anaweza kutafutwa, na ndoa inaweza kuvunjika. Nikaandika: "Immaculate alifariki Desemba. Tulimzika nyumbani Bungoma." Nilijua hana nauli wala mwenyeji wa kumwonyesha kaburi. Watu wetu wote huzikwa huko, kwa hiyo asingeshangaa kutoliona kaburi hapa.

Aliisoma, akaniangalia usoni, akaisoma tena. Kisha akapiga magoti kwenye kokoto akatoa sauti. Sijui niielezeje. Yeye mwenyewe hakuisikia, kwa hiyo hakujua kuizuia. Majirani walitoka. Mbwa walibweka. Niliwaambia ni kichaa anayeomba pesa, wakamwondoa.

Wewe ulikuwa nyuma ya nyumba ukifua, hatua ishirini, mgongo umetugeukia. Nilipokuja kukutazama ulikuwa unakung'uta shuka ya mama yako. Ulinitabasamia.

Nimemaliza kweli sasa.

Barua unayoitaka nimeiandika. Iko chini ya mto. Lakini sitaituma. Nikiituma, utaichukua, na mimi nitakufa nikitazama mlango. Nakujua, kwa kuwa ni mimi niliyekulea. Njoo uichukue mwenyewe. Keti hapa saa moja tu, kisha uende nayo. Bei hiyo si kubwa.

Baba yako,
Naftali Sitati


Gilgil
13 Juni 2025

Mwalimu Sitati,

Hata kaburini utaingia na kamba ya kunifungia.

Nikija kwanza nikute barua haijaandikwa vizuri, nitafanya nini? Nitakutikisa? Nitume kwanza. Nitaisoma, nitaipeleka Olkaria, na Jumapili tarehe 29 nitakuja kwako. Sitakaa saa moja. Nitakaa mpaka mwisho, nikugeuze kitandani kama nilivyomgeuza mama.

Chagua. Muda ni wako, si wangu.

Immaculate


Shabab, Nakuru
20 Juni 2025

Binti yangu,

Umesema utakaa mpaka mwisho. Nimemwonyesha Mugure mstari huo, akatandika kitanda cha chumba chako.

Barua hii hapa. Nimeiandika mara ya pili, kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa na sababu nyingi. Mkono wangu unateleza, unisamehe mwandiko.

"Kwa Bwana Okeyo. Mimi Naftali Sitati, nikiwa na akili timamu, nasema hivi. Meseji uliyoipata Agosti 2019 kutoka kwa Immaculate sikuiona tu, niliiandika mimi. Yeye hakupata kuiona yako. Hakujua kwamba ulimngoja Gilgil. Angejua, angekuja. Januari nilikuambia amekufa. Alikuwa hai, nyuma ya nyumba, akifua. Yeye hakujua kwamba umekuja, wala hakujua kwamba mlimwombolezea. Hakuna siku aliyokukataa. Sikufanya hivi kwa kumpenda. Nilifanya kwa sababu nilitaka mtu wa kunihudumia. N. Sitati."

Jumapili nitamwambia Mugure aninyoe ndevu.

Baba


(Karatasi iliyokunjwa ndani ya bahasha hiyo hiyo)

Immaculate,

Mimi si mtu wa kuandika, lakini leo wacha niandike. Hii barua mzee alinipa bila bahasha, nafikiri alisahau mimi najua kusoma. Nimeisoma nikiwa nimekaa kwa choo.

Nilikuwa nataka kukutukana. Wiki zote hizi nasema huyu msichana ana roho ya jiwe, baba yake anaoza na yeye anatuma barua kama ofisi. Nisamehe. Mimi nilikuwa hapo siku ile ya lango. Huyo kijana ndio mimi nilimpa maji. Mzee alituambia ni mwenda wazimu, na mimi nikaamini, kwa sababu mwalimu hawezi danganya. Nilimshika huyo kijana mkono nikampeleka mpaka barabarani. Alikuwa ananionyesha kitu na mikono, ananionyesha tena na tena, mimi nikamwambia "Sawa, sawa, enda nyumbani."

Mzee namwosha na kumwekea uji kwa mrija, hiyo ni kazi na Mungu anaona. Lakini stori tumewacha. Akigonga ukuta nakuja, nafanya, natoka. Amejua nimesoma. Anageukia ukuta.

Kama utakuja, kuja. Kama hutakuja, mimi sitakuuliza.

Mugure


Gilgil
29 Juni 2025

Baba,

Leo ndiyo Jumapili niliyokuahidi. Natumaini amekunyoa.

Barua yako ilikuwa nzuri. Haikuwa na sababu, isipokuwa ile ya mwisho, na hiyo ni ya kweli. Jana Achola alinisindikiza nayo Olkaria. Okeyo alikuwa kazini bado. Mke wake anaitwa Chepchumba, anasikia, ana mikono ya haraka kuliko yangu. Alitukaribisha bila kuuliza sisi ni akina nani. Mtu akibisha kwake kwa ishara, ni mgeni wa mume wake na anapewa chai. Mimi nilikuwa nimeishika bahasha yako mapajani.

Mtoto wao alitoka ndani. Msichana, miaka minne, anasikia kama mama yake. Alisimama mbele yangu akanitazama nyusi.

Huwezi kujua jambo hili kwa sababu hukutaka kujua lolote la kwetu. Sisi viziwi hatuitani kwa herufi. Kila mmoja hupewa jina la mkono. Langu nilipewa shuleni nikiwa na miaka saba: vidole viwili vinapita kwenye nyusi ya kushoto, kwa sababu ya kovu nililopata nilipoanguka nikiwa mdogo. Hakuna mwingine mwenye jina hilo.

Nilimuuliza mtoto anaitwa nani. Akapitisha vidole viwili kwenye nyusi ya kushoto. Yeye hana kovu lolote, nyusi yake ni nzima. Kisha, kwa sababu mama yake amemfundisha adabu, akaniandikia kwa herufi za vidole, polepole, moja moja, akikosea na kuanza upya. Immaculate.

Chepchumba alinieleza. Kwao Okeyo, mtu akifa, jina lake hupewa mtoto anayezaliwa, ili asipotee. Alisema Okeyo alimwota rafiki yake wa shule kabla mtoto hajazaliwa, na mama mzazi wa Okeyo akasema huyo anataka kurudi, mpeni njia. Chepchumba hakuona wivu. Aliniambia, "Huyo dada alikufa bila mtoto. Wacha apate huyu wetu." Achola aliinuka akatoka nje.

Mtoto akanigusa goti. "Mimi nilikuwa nimekufa," akaniambia kwa mikono, anajivuna kabisa, "halafu nikarudi. Na wewe unaitwa nani?"

Nilitafuta jina, Baba. Nilikaa pale kwenye kiti cha watu na kikombe cha chai cha watu nikitafuta jina. Nilimwambia mimi ni fundi wa nguo, nimekuja kutafuta oda za sare za shule. Chepchumba akasema chekechea ya pale inataka sweta. Nikampima mtoto kifua na mikono. Alicheka, tepu ilimtekenya. Tuliondoka kabla Okeyo hajarudi.

Kwa hiyo barua yako nakurudishia, iko ndani ya bahasha hii. Haina kazi. Ningeitoa, yule mtoto angebaki anaitwa nani? Wangemwita tena jina la nani? Ungekuwa umeua watu wawili na kalamu moja.

Najua unangoja. Mugure ametandika kitanda. Nilikuahidi nikiwa na nia ya kuja, sikukudanganya. Nilikuwa nimepanga hata nguo. Lakini jana nimeona kwamba ulichoandika langoni siku ile kilishakuwa kweli. Kuna watu wanakiamini, wanakula nacho chakula, wamekipa jina na wanakivalisha sweta. Siwezi kukitengua, na wewe huwezi.

Maiti haiuguzi mgonjwa, Baba. Gonga ukuta, Mugure atakuja.

Na mtu wa kanisa akija kuandika historia yako ya kusomwa mazishini Bungoma, atakuuliza majina ya watoto. Utakuwa na kalamu. Usiniandike kwa walioachwa. Niandike pamoja na mama, kwa waliotangulia.

Binti yako, marehemu
Immaculate Sitati